Ngoma Isiyokumbukwa na Mtu

Kwa miaka mingi waumini wa Matinyani walitoa sadaka kwa mwendo wa dansi, na hakuna aliyejua. Walisimama safu kwa safu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wakaenda mbele na senti zao, mayai yao na vibaba vyao vya pojo, huku watoto wa Mwalimu Kasyoka wakipiga fidla kando ya mimbari. Wimbo ulikuwa mtamu na wa taratibu. Pasta Jonah aliupenda hata akawa anafumba macho ukipigwa. Kama mtu angemwambia kwamba huko Ulaya ya zamani wimbo huohuo ulichezwa na mabwana waliovaa nywele za bandia, wakiwashika mikono mabibi waliojipaka poda mpaka masikioni, nadhani angeyafumbua.

Kasyoka mwenyewe hakujua, na ndiye aliyeufundisha. Fidla alifundishwa na Misi Ada, mmishenari mzee aliyemwajiri akiwa msichana amfulie na kumpigia pasi. Siku moja Misi Ada alikuwa akipiga fidla barazani, akageuka akamkuta msichana amesimama na pasi mkononi, anasikiliza, na blauzi inatoa moshi mezani. Hakumgombeza. Alimpa fidla aishike. Alipoondoka nchini, mwaka mmoja baada ya uhuru, fidla yake kubwa alimwachia Kasyoka iwe yake kabisa, na fidla ndogo nne za watoto akaliachia kanisa, pamoja na kitabu kimoja cha nyimbo. Kila wimbo ulikuwa na jina juu yake: Minueti, Gavoti, Jigi. Kasyoka alidhani ni majina ya vijiji vya kwao Misi Ada.

Basi akafundisha. Asubuhi alifundisha darasa la tatu kusoma na kuhesabu, na jioni alifundisha fidla kwa yeyote aliyekuwa amenawa mikono. Uzi ukikatika aliomba waya kwa fundi wa baiskeli. Nywele za upinde zikiisha alikwenda na makasi kwa punda wa majirani, na ikafika wakati punda wa Matinyani wakimwona kwa mbali wanageuza kichwa upande wake na mkia upande mwingine. Mumewe Mwangangi, aliyekuwa na kazi ya ghala huko Wote, alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi alikuwa akimwuliza kwanza habari za punda, halafu ndiyo za watoto.

Wa kwanza kugundua ile siri ya sadaka alikuwa baba yake Kasyoka. Mzee Mulei alifuga mbuzi na nyuki, lakini ujanani alikuwa ngui, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na kutoka pale mpaka Migwani vijana walikuwa wakitelekeza ng'ombe njiani wakisikia anaongoza mbalya, ile ngoma ya wavulana na wasichana, mahali. Mke wake alipookoka, naye akaingia darasa la ubatizo. Akaacha pombe, akaacha ugoro, akaacha na ngoma zenyewe. Siku ya mwisho wakamtaka asimame mbele ya watu aseme kwamba ngoma zake zilikuwa uchafu. Akasema kuacha ameacha, lakini uchafu hakuuona. Wakamwambia aende akafikirie. Akaenda kufikiria, na mwaka 1971 alikuwa bado anafikiria, kila Jumapili, nje ya ua wa minyaa wa kanisa, akimngoja binti yake amalize ibada waende nyumbani pamoja.

"Mwana wakwa," alimwambia siku moja wakiwa njiani, "ile nyimbo ya sadaka ni ngoma."

"Asa, hiyo ni nyimbo ya Misi Ada," Kasyoka alimjibu baba yake.

"Hata kama ni ya Misi Ada. Ni ngoma."

"Nani amekuambia?"

"Miguu." Mulei akasimama katikati ya njia, mzee mzima na fimbo yake, akapiga hatua tatu za polepole, akageuka, akapiga nyingine tatu, kisha akamwinamia mbuzi wa watu aliyekuwa akila kando ya njia. "Unaona? Kuna mtu hapa mbele unamsalimia. Nyimbo ya kuomba haisalimiangi mtu hivi."

Kasyoka alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini neno lile halikumtoka, na likizo ilipoanza akachukua kitabu cha Misi Ada akaenda nacho Kitui mjini kwa Evanson Njogu, mwalimu wa muziki wa sekondari, mtu wa Nyeri aliyesifika kwa kuongea bila kupumua.

"Hizi zote ni dansi, mwalimu!" Njogu alisema hata kabla ya kufunua ukurasa wa pili. "Hii minueti ni ya wakubwa, watu wa ikulu ya zamani. Gavoti ilianza kwa wakulima, ikapanda cheo. Jigi ni ya kuruka, hiyo hata mtu akiwa na viatu vibaya anaruka. Wanapewa watoto wa fidla wapige peke yao, mmoja mmoja, ndiyo wajue kila dansi ina mguu gani. Kwa sababu ukipiga peke yako hakuna ngoma ya kukushikia mwendo. Mkono wa upinde ndiyo miguu ya watu wote."

Akamwonyesha hatua za minueti pale pale ofisini, kati ya meza na kabati. Halafu akamwambia kwamba mwaka ule tamasha la wilaya lilikuwa na shindano jipya la watoto wa fidla: mtoto apige peke yake dansi mbili za kale, moja ya ng'ambo na moja ya nyumbani.

"Shida ni ya nyumbani," alisema Njogu. "Hiyo utatoa wapi?"

"Nyumbani," alisema Kasyoka.

Mulei hakuamini alipoombwa. Kwanza alidai amesahau. Halafu alidai koo lake limekufa. Siku ya tatu, mbuzi walipokuwa wamekwisha ingia zizini na jua bado lipo, akaketi kwenye kigoda chake, akaanza kuimba mbalya moja kwa sauti iliyokwaruza, na Kasyoka akaanza kuitafuta kwenye nyuzi. Ilimchukua wiki. Sauti alizipata upesi, mwendo ndio uliomshinda. Katikati ya wimbo palikuwa na mahali ambapo Mulei aliacha kuimba, akainua mkono, akakaa kimya, halafu ndipo akaendelea. Kasyoka alikuwa akipitiliza kila mara.

"Ngoja!" mzee alifoka. "Hapo wasichana hawajafika. Wavulana wako huku, wasichana wako kule, wanatoka kule wanakuja. Mimi ngui siwezi endelea mpaka wafike. Kila mvulana hapa anangoja wake."

"Na asipofika?"

"Anafika. Kulikuwa mmoja alikuwa anachelewa makusudi. Wenzake wameshafika, yeye bado yuko katikati ya uwanja, anatembea tu. Kijana wake alikuwa anatetemeka magoti." Mulei akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na alipomaliza kukohoa hakuwataja ni akina nani.

Kikohozi kile hakikuwa cha vumbi, na Kasyoka alikijua. Hapo ndipo alipotambua alichokuwa akikitaka, na alikitaka kwa moyo wake wote: wimbo wa baba yake usizikwe naye. Nyimbo nyingine zilikuwa zimekwisha mtoka mzee kichwani, zikabaki vipande. Huu ulikuwa mzima. Ukikaa kwenye mikono ya mtoto mmoja tu, ungevuka.

Mtoto mwenyewe alikuwa Syokau wa darasa la tano, msichana mwembamba mwenye sikio zuri na haraka nyingi. Kasyoka alimfundisha darasani, madirisha yamefungwa. Kabla ya kupiga minueti alimtembeza hatua za minueti, na kabla ya kupiga mbalya alimtembeza hatua za mbalya, mabega na yote. Mzee wa kanisa yeyote angechungulia angeona mwalimu wa shule ya Jumapili na mwanafunzi wake wakichezacheza kati ya madawati.

Aliyekuja hakuchungulia. Muthama, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa akipita kwenda kukagua tangi la maji, akasikia. Alisimama nje ya dirisha mpaka mtoto akafika katikati ya wimbo, na mtoto akapitiliza pale pa kungoja kama kawaida yake. Muthama akagonga dirisha kwa fimbo.

"Mwalimu, hiyo ni mbalya ya Mulei."

"Ni nyimbo ya tamasha, mzee."

"Ni mbalya ya Mulei," alisema tena, na akageuka akaenda zake bila kukagua tangi.

Alhamisi wazee wakakutana katika chumba cha nyuma cha kanisa, na Kasyoka akaitwa. Nzilani, mke wa Muthama, mama mkimya aliyejulikana kwa kufika kila mahali wa mwisho, alileta chai, akamimina, akabaki amesimama mlangoni na birika lake. Kasyoka alikuwa amejiapiza kwamba atanyamaza. Akinyamaza, fidla za kanisa zingebaki, watoto wangeendelea, na yeye angeendelea kula meza ya Bwana kama wengine. Alichotakiwa kusema ni pole tu.

Muthama akasimama. "Katika hii kanisa hatujawahi piga ngoma," alisema. "Hata siku moja. Na hatuwezi anza na uchafu ya Mulei."

Ni lile neno. Kasyoka alikuwa amelisikia tangu utotoni, na alikuwa amemwona baba yake akikaa nje ya ua wa minyaa kwa ajili ya neno hilo, jua na mvua. Hasira ikampanda hata hakujua amesimama saa ngapi.

"Tumepiga, mzee. Kila Jumapili tunapiga. Ile ya sadaka ni ngoma. Ile ya kutokea ni ngoma. Na ile tulipiga siku ya kufungua hii nyumba ni ya kuruka."

Mzee mmoja akaweka kikombe chini polepole sana, kana kwamba nacho kingeanza kucheza.

"Hata ile ya sadaka?" aliuliza Pasta Jonah kwa sauti ndogo.

"Hata hiyo, Pasta."

"Ile mimi hufunganga macho?"

"Hiyo hiyo. Hata Misi Ada alijua, nafikiri. Ni sisi hatukuuliza."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alitaka fidla zote zirudishwe Ulaya, ingawa hakusema kwa gari gani. Mwingine alisema kama Misi Ada aliileta, basi imetakaswa baharini. Kasyoka alisikiliza akijua kwamba sasa alikuwa ameviweka hatarini vyote viwili, fidla za watoto na wimbo wa baba yake. Mwishowe Pasta Jonah, mtu mwema aliyechukia ugomvi, akapata njia.

"Mimi naona hivi," alisema. "Mtu akisikia ngoma, kinachomharibu ni kile anakumbuka. Hii ya wazungu, hapa hakuna mtu anakumbuka alicheza na nani, ama walienda wapi baadaye. Haitusumbui. Ibaki. Lakini hii ya Mulei, iko watu hapa wanaikumbuka." Hakumtazama mtu, na kila mtu akatazama kikombe chake. "Basi hii isipigwe hapa, wala na fidla za kanisa, maadamu iko hata mtu mmoja anaikumbuka. Siku hakutakuwa na mtu, hiyo itakuwa nyimbo tu."

Muthama akaitikia kwa kichwa. Nzilani akakusanya vikombe, na kikombe cha mumewe kilikuwa bado kimejaa.

Kwenye tamasha Syokau alipiga minueti peke yake, akapigiwa makofi, na kwa kuwa fidla kubwa ya mwalimu ilishinda mikono yake midogo, hakuwa na wimbo wa pili na hawakumpa nafasi yoyote. Kasyoka alirudi nyumbani akamweleza baba yake uamuzi wa wazee, neno kwa neno, akiogopa utamuumiza. Mulei akacheka.

"Basi ni kungoja tu. Mimi na Muthama tukishakufa, nyimbo yangu itaokoka." Akafuta macho. Alipoongea tena hakuwa akicheka. "Nipigie basi. Hapa si kwa kanisa, na hiyo fidla ni yako."

Alimpigia jioni ile, na jioni nyingi baada ya hapo, pale nje kwenye kigoda, na katikati ya wimbo mzee aliinua mkono na binti akangoja mpaka mkono ushuke. Kasyoka aliwahi kuniambia kwamba hakuna ibada iliyomfariji maishani kama mkono ule. Mulei alifariki mwaka 1976. Kwa kuwa hakubatizwa kanisa halikumzika, ingawa watu walijaa, na Muthama alikuja akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Kasyoka alipiga fidla kaburini. Hakupiga mbalya, asije akawatia waombolezaji kwenye kesi. Alipiga ile ya sadaka, polepole, hatua tatu na hatua tatu, na akamwona baba yake akimwinamia mbuzi njiani, akalia na kucheka kwa pamoja.

Baada ya hapo ikabaki kungoja, na kungoja watu wafe ni kazi mbaya kwa mtu anayewapenda. Wazee wa Alhamisi ile waliondoka mmoja mmoja. Kila mmoja alipozikwa Kasyoka alikwenda kupika na kuliwaza, na kila mara, akiwa anaosha sufuria, wazo lilimjia kwamba amepungua mwingine anayekumbuka, naye akalifukuza kwa aibu. Nzilani alipofariki alimlilia kweli, kwani mama yule ndiye aliyekuwa akimletea nywele za punda wake bila kuombwa. Pasta Jonah alistaafu. Muthama akabaki peke yake, macho yameingia ukungu, akitoka kitandani kwa nadra.

Mwaka 1993 kanisa lilikuwa na mchungaji kijana, Mbuvi, mzaliwa wa mjini, ambaye mbalya kwake lilikuwa neno la kitabu cha shule. Akamwambia Kasyoka watu wamechoka na wimbo uleule wa sadaka, hana mwingine? Kasyoka, sasa mwenye mvi na miwani, akasema anao. Alimfundisha Ndululu, binti wa Syokau, mrefu wa kutosha kushika fidla kubwa, mwenye sikio la mama yake na haraka ya mama yake. Hakumwambia mchungaji ulitoka wapi. Aliulizia tu kwa mkwe wa Muthama, wakasema mzee hawezi, miguu imevimba, hatoki Jumapili hiyo.

Jumapili hiyo akatoka. Ibada ilikuwa imeanza Kasyoka alipomwona mlangoni, ameshikwa mkono na mkwe wake, anapapasa kwa fimbo mpaka benchi la mbele, hatua chache tu kutoka pale Ndululu aliposimama na fidla. Uamuzi wa Pasta Jonah haukuwa umefutwa, na mtu mmoja anayekumbuka alikuwa ameketi pale. Angeweza kumnong'oneza mtoto apige minueti. Kitabu kilikuwepo. Akamtazama Muthama, akamfikiria baba yake nje ya ua wa minyaa, akaikunja mikono mapajani.

Ndululu akapiga. Watu wakainuka safu kwa safu na sadaka zao, wakaufurahia wimbo, wengine wakaanza kutingisha vichwa. Hakuna aliyeujua, na hilo lilimuuma Kasyoka kuliko alivyotazamia. Mtoto akafika katikati, na kwa woga akapitiliza pale pa kungoja. Muthama alikuwa amesimama katika safu yake. Alisita, mguu mmoja hewani, mkwe wake akadhani amejikwaa akamshika kiuno. Kisha akaenda, akatia sarafu yake kikapuni, akarudi kuketi.

Baada ya ibada mkwe akaja kumwambia Kasyoka anaitwa. Kasyoka akaenda ameshayapanga maneno: kwamba kosa ni lake, mtoto asiguswe, na fidla aliyopiga Ndululu ni ile kubwa aliyoachiwa yeye mwenyewe na Misi Ada, si ya kanisa. Muthama akamwomba mkwe wake akawasalimie wanawake kule. Akangoja mpaka nyayo zake ziishe. Halafu akanyoosha mkono akaupapasa mpaka akaupata wa Kasyoka.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "ambia mtoto asikimbie pale katikati. Angoje." Macho yake yenye ukungu yalikuwa yanatazama upande wa mlango. "Nzilani alikuwa bado hajafika."